Desturi ya Nyumba Moja

Nilikuwa namkata Ba kucha za miguu, siku ile Profesa Ushma aliponiuliza swali ambalo tangu nifike London hakuna aliyeniuliza.

"Suad, kwenu Pemba wapo watu ambao wengine hawawezi kuwaoa?"

Sikunyanyua kichwa. Kucha za mtu mzima zinataka macho. "Wapo," nikasema. "Huambiwa si kufu. Hawalingani."

Kalamu yake ikatua juu ya karatasi za wanafunzi. Hakuuliza tena siku ile. Mtu anayelitaka jambo kweli haliulizi mara mbili kwa siku moja. Hilo nilikuwa nalijua tangu mdogo, na bado sikujihadhari.

Ba ni mamake Profesa. Jina lake analo, lakini nyumba nzima, huko Kenton, mtaani London, inamwita Ba, ndiyo mama kwa Kigujarati, nami nikafuata. Kazaliwa Chake Chake, baba yake akiuza nguo, akaolewa Mombasa, akaletwa huku. Sasa ana miaka themanini na sita na miguu haimbebi. Kiingereza kimeanza kumtoroka. Kigujarati amekibakisha kwa kusali na kugombana. Mengine yote huyasema kwa Kiswahili, tena kile cha Pemba, ndiyo maana nikatafutwa mimi. Nimeishia darasa la saba Wete, lakini maneno ya kumkosha mtu, kumlisha na kumchekesha ninayo.

Aliyenipatia kazi ni Najla, binti wa Kizanzibari niliyejuana naye kwenye maulidi ya wanawake Stratford. Alikuwa anasoma kwa Profesa. Siku moja Profesa aliwaambia darasani kwamba anatafuta mtu wa kukaa na mama yake, awe anajua Kiswahili, na Najla akanitaja. Kwa Najla huyo huyo nikajuana na kaka yake, Asad, anayefanya kazi stesheni ya Stratford, yule mrefu mwenye fulana ya rangi ya chungwa anayewapangia watu wasikae karibu na reli. Alinichumbia kwa heshima, shangazi yangu akapokea posa, na ndoa ikawekwa baada ya Idi ndogo. Mengi niliyoyafanya mwaka ule niliyafanya kwa kuifikiria ndoa hiyo.

Profesa Ushma anafundisha fasihi ya Kiingereza. Nilidhani maana yake ni vitabu vya Waingereza. Kumbe vyake vinahusu Madalit, watu wa India ambao tangu enzi wamehesabiwa najisi, wakaachiwa kazi ya kuburura mizoga na kusafisha vyoo, wenzao wakiogopa hata kuguswa na kivuli chao. Siku hizi wanaandika habari zao wenyewe. Kazi ya Profesa ni kuyasoma hayo, kuyafundisha, na kuandika vitabu juu ya vitabu hivyo. Mara nyingine alisoma huku machozi yanamtoka, na Ba akinikonyeza.

"Mwangalie. Watoto wa wenzangu hulipwa kwa kufanya kazi. Huyu wangu hulipwa kwa kulia."

"Ba, usinifanyie hivyo mbele ya Suad!"

"Suad atakwambia nini? Na yeye nyumbani kwao si wanalia? Ila wanalia bure."

Nilimpenda Ba kwa ulimi wake. Na Profesa, niseme kweli, nilimpenda pia. Alinikataza kumwita Profesa, akasema nimwite dada. Alinitafsiria vipande. Kimoja kilikuwa cha mwanamke aliyeandika jinsi mama yake alivyosimama nje ya duka akikinga upindo wa sari, na mwenye duka akimrushia chumvi kwa mbali, mikono yao isije ikagusana. Dada Ushma akasema, "Sisi ndio tulikuwa ndani ya duka, Suad. Kwetu ndiko kulikorushwa chumvi." Nikaona mtu anayeweza kusema hivyo kuhusu watu wake hana la kuogopa kwangu, nami sina la kuogopa kwake.

Basi nikamwambia.

Ilikuwa Jumatano mchana. Ba kasinzia kitini, sisi wawili tunamenya mbaazi mbichi mezani jikoni. Nilikuwa na jambo limenikaa kifuani tangu siku Asad aliponitajia nyumba yao ya Wete, na nilitaka nilisikie linavyotoka kabla sijalipeleka kwake.

"Dada, bibi yangu mzaa mama anaitwa Mize binti Faki. Wazee wake walikuwa watumwa wa nyumba moja pale Wete. Utumwa ulipopigwa marufuku wakahamia nyumba ya pili yake, lakini likija jambo, harusi au msiba, huitwa. Nyumba ile ilikuwa na vitanda virefu, vile vya zamani vya kupandia kibao. Bibi harusi akiingia siku ya kwanza hapandi kwa kibao. Mwanamke wa kwetu hupiga magoti, akaweka mikono chini, na bibi harusi akapanda kwa mgongo wake. Kisha hupewa doti ya kanga na kuambiwa ahsante."

Mikono yake ilisimama katikati ya ganda la mbaazi.

"Bibi yangu aliinama mara moja tu, mwaka sitini na moja. Alikuwa na miaka ishirini. Baadaye mambo yakageuka, nyumba ile ikavunjika, wenyewe wakakimbia. Bibi harusi aliyempanda alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, akiitwa Sheikha."

"Na huyo Sheikha…?"

"Yupo. Anakaa Stratford. Ndiye bibi yake Asad na Najla, ndiye aliyewalea."

Akaziba mdomo. Macho yakamjaa maji. "Asad anajua?"

"Hajui. Bi Sheikha ananijua Suad wa Wete, basi. Nitamwambia Asad mimi mwenyewe, kabla ya nikaha. Nangoja siku inayofaa. Dada, maneno haya yameishia hapa mezani."

"Yameishia hapa," akasema, na mkono wake wenye majimaji ya mbaazi akauweka juu ya wangu. "I promise."

Mwezi mmoja baadaye alileta karatasi mbili. Alikuwa anamrekodi Ba kwa simu, hadithi za Chake za zamani, ili wajukuu waje wazisikie, na mimi nikimsaidia maneno yaliyomshinda. Akasema chuo kinataka sahihi ya kila mtu ambaye sauti yake imo. Nikatafuta mahali palipoandikwa jina, nikaandika jina. Palipoandikwa tarehe, nikaandika tarehe. Katikati palikuwa na maneno mengi madogo madogo. Sikumwomba anisomee. Unamwombaje mtu unayemwita dada akusomee karatasi yake, kama kwamba humwamini?

Siku inayofaa ya kumwambia Asad haikuja. Mara yuko zamu, mara tumekutana na yuko shangazi yangu, mara anacheka vizuri nikaona nisimkatize. Nikasema wiki ijayo. Ramadhani ikaingia, nikasema mtu amefunga, asitiwe mawazo.

Jumapili ya mwisho kabla ya Idi, Najla akanipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Suad, bibi anakutaka. Njoo leo."

Bi Sheikha alikuwa kwenye kochi lake karibu na dirisha, buibui limemwangukia mabegani. Juu ya stuli palikuwa na kitabu kipya, gamba la kijani, jina la Ushma limeandikwa kwa herufi nyeupe. Asad alikuwa amesimama akitazama nje, mgongo katuelekezea. Najla macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa, mwanangu," akasema Bi Sheikha. "Huyu Najla ni mjinga wa kusoma. Katoka chuoni na hicho, anakuja mbio, 'Bibi, bibi, njoo usikie, mwalimu wangu kaandika habari za kwetu!' Alidhani atanifurahisha. Kakaa hapo ulipokaa, akanisomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari."

"Bibi, I didn't know," Najla akasema.

"Sijasema ulijua." Akanigeukia. "Kimeandikwa kwamba Waswahili wa visiwani wana desturi. Kwamba bibi harusi wa kiungwana hupanda kitandani kwa mgongo wa mtumwa. Mimi Wete nimezaliwa, nimehudhuria harusi Chake, Mkoani, Unguja yote. Desturi hiyo sijaiona popote isipokuwa nyumba moja, nayo niliingia mimi. Na mgongo niliopanda ni mmoja. Mize binti Faki ni nani yako?"

"Bibi yangu."

"Mzaa nani?"

"Mzaa mama."

Aliitazama miguu yake. Kisha akasema, "Niliambiwa nipande na makubadhi yangu. Nikayavua. Hilo kitabu hakikusema. Niliyavua."

Sikuwepo.

"Ulijua tangu lini mimi ni nani?"

"Tangu siku ya kwanza Asad aliponitajia nyumba."

"Na ukaja hapa, ukanipikia uji, ukanisugua miguu yangu kwa mafuta ya nazi, umenyamaza?"

"Nilikusugua miguu kwa sababu inakuuma, bibi. Sikuwa na nia nyingine."

"Najua," akasema. "Ndilo linaloniumiza." Akavuta buibui lake juu. "Mie sikatai ndoa. Mwenye kuoa ni Asad, na mimi hayo ya kufu sikuyaleta London. Lakini ukumbini sitakuja. Watu wa kwetu wakishakisoma kitabu wataulizana ni nyumba ya nani, na hawatakawia kuijua. Nitaingia pale na kila mtu atanitazama miguu."

Asad ndipo alipogeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilidhani ataniuliza kama ni kweli, au atasema pole, au atasema kwa ukali kwamba mimi si wa kuolewa na yeye. Hakusema lolote katika hayo.

"Mhindi umemwambia," akasema, "mimi hukuniambia."

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini? Nishakuoa? Najla kanisomea mwisho wa sura. Umeandikwa humo unamenya mbaazi, unasema huyo bwana harusi hajui. Mimi ndiye hajui, Suad. Nimo kitabuni, mjinga wa kitabu kizima."

"Asad…"

"Nipe muda."

Akachukua fulana yake ya kazi nyuma ya mlango, akaenda zamu ambayo, nilivyokuwa najua ratiba yake, hakuwa nayo.

Jumatatu nilikwenda Kenton kama kawaida, maana Ba hawezi kukaa bila kukoshwa kwa sababu mimi nina huzuni. Nikamwosha, nikamvalisha, nikamsukuma hadi jikoni. Dada Ushma alishuka na kikombe cha chai. Aliponiona usoni akajua. Hakuniuliza kuna nini. Aliuliza, "Nani amekisoma?" Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika hasa, kwa sababu mtu asiye na kosa huuliza kuna nini.

"Najla," nikasema.

"Najla?" Akakaa. "Wanafunzi wangu hawasomi hata vitabu ninavyowapangia!"

"Kakisoma. Kamsomea bibi yake."

"Lakini nimebadilisha jina lako, Suad. Nimekuita Zuhura. Wete sikuitaja, nimesema kisiwani. Bibi yako sikumtaja. Nilikuwa mwangalifu sana, kila kitu nimefuata utaratibu, ulisaini."

"Nilisaini sauti ya Ba."

"Ilikuwa karatasi ya mazungumzo yote. Imeandikwa." Akaona nilivyomtazama, akashusha macho. "Ningekueleza vizuri zaidi. I'm sorry. Nilitaka kukueleza. Halafu tarehe ya mchapishaji ikafika, na sura ile bila habari yako haikuwa na… Suad, ni sura nzuri. Niliiandika kwa upendo."

"Jina umebadilisha, dada. Mgongo hukuubadilisha."

"Hiyo ni desturi tu. Desturi haimtaji mtu. Ningeandika kuhusu chumvi inayorushwa dukani, nani angejua ni duka gani? Ni maelfu ya maduka."

"Hii si desturi ya watu. Ni ya nyumba moja."

"Unamaanisha nini, nyumba moja?"

"Waliifanya wao tu. Na sisi tu. Pemba nzima. Ukiisema hiyo umeshataja nyumba, umemtaja bibi yangu na bibi yake Asad kwa majina yao matatu matatu."

Nikaona damu inamwondoka usoni. Nikafikiri, sasa ameelewa. Nikaanza hata kumwonea huruma. Akanyoosha mkono, akaivuta kalamu iliyokuwa juu ya gazeti la Ba.

"Nyumba moja tu?" akasema. "Una uhakika? Hakuna hata sehemu nyingine, Tumbatu, Lamu? Kwa sababu hoja yangu yote ya sura ya nne ni kwamba… Bi Sheikha alisema hivyo mwenyewe? Kwa maneno gani?"

Ba alikuwa anatafuna mkate. Akaweka kipande chini.

"Ushma," akasema kwa Kiswahili, "weka kalamu."

"Ba, hili huwezi kulielewa."

"Nalielewa. Dukani nimekaa miaka thelathini. Mtu akitia kitu kwapani namwona hata akiwa na diploma."

Dada Ushma akaiweka kalamu, taratibu, kama kitu cha moto. Alianza kulia. Safari hii Ba hakunikonyeza.

Nikamuuliza swali moja, nililokuja nalo kwenye treni tangu asubuhi. "Wale Madalit wa vitabu vyako, waliandika wenyewe au waliandikiwa?"

"Wenyewe," akasema. "You know that. Ndiyo thamani yake."

"Basi mimi ulidhani sijui kuandika?"

Nadhani jibu alikuwa nalo, na lilikuwa ndiyo. Nikamaliza kumfunga Ba viatu, nikamwambia kwamba nitakuja mpaka mwisho wa mwezi, kwa ajili yake, ili watafute mtu mwingine. Ba akanishika kidole, akakishika mpaka chai ikapoa.

Jumanne nilimpigia bibi yangu Wete. Mama akampelekea simu barazani. Nilimweleza yote, kwa mpango, kama nilivyoyaeleza hapa: Asad, nyumba yao, Profesa, kitabu. Nilitaka anipe pole. Nilikuwa nimeonewa na nilitaka mtu mmoja duniani aniambie nimeonewa.

Nikasikia kuku.

"Sheikha yu hai?" akauliza.

"Yu hai, bibi. Kasema siku ile alivua makubadhi."

"Nani kavua?"

"Yeye."

"Hakuvua." Alisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha bei ya samaki. "Mtoto yule alikuwa anatetemeka, kaambiwa panda akapanda. Alama ilikaa wiki. Mwambie simlaumu, lakini hakuvua."

Nilifuta uso wangu. "Bibi, mimi nimemwamini mtu, amenisaliti."

"Nimesikia. Na hilo la mgongo ulimwambia yeye wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Mie nilimwambia mamako siku alipovunja ungo. Mamako akakwambia wewe. Hatukumwambia mwanamume, hatukumwambia jirani. Babu yako kazikwa hajui. Mgongo ulikuwa wangu, Suad. Wewe ulimwomba nani ruhusa?"

Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi, watu wananipita na mifuko yao. Nilitafuta neno. Nililokuwa nalo ni kwamba jina lake nilidhani halitatoka pale mezani, na hilo ni neno ambalo nilikuwa nimeshalisikia kwa dada Ushma, jana yake tu.

"Sikumwomba mtu," nikasema.

"Haya."

Nikangoja aseme zaidi. Alikohoa, akaomba maji, nikasikia anakunywa. Nilidhani atakata simu. Kwa kweli nilitamani akate.

"Na huyo kijana," akasema, "anasemaje?"

"Kasema nimpe muda."

"Muda wa kufanya nini?"

"Hakusema."

"Kakuuliza mimi hali yangu?"

Nikafikiri. Nikapitisha ile Jumapili yote kichwani, dirisha, fulana ya chungwa, kila neno alilolisema. Alikuwa amesema mimi, mimi, mimi.

"Hapana, bibi."

"Kakuuliza wewe hali yako?"

"Hapana."

"Basi," akasema. "Mie naingia ndani, jua limefika miguuni. Nikipoa nitakupigia. Sijapoa bado."

Simu ikakatika. Basi langu likaja, likafungua mlango, dereva akanitazama, nikatikisa kichwa, likaenda. Nikafungua ujumbe wa Asad. Hakukuwa na mpya. Wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa, kabla ya yote, picha ya ukumbi na viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, akiuliza kama rangi nimeipenda.

Nilimwandikia kwa Kiswahili, na nilisoma mara mbili kabla sijatuma, kwamba muda ameomba, na auchukue wote.